Kuboresha Upozaji na Springi za Land Cruiser ya Kazi, Hatua kwa Hatua

Gari linalozungumziwa hapa ni Land Cruiser ya familia ya 70 yenye injini ya 1HZ, kwa kuwa ndilo linalopeleka watalii Serengeti kutoka Arusha, ndilo linalobeba wagonjwa kutoka vituo vya afya vya pembezoni, na ndilo linalotumiwa na miradi mingi katika maeneo ambayo lami haijafika. Injini hiyo ya dizeli ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ilianza kufungwa kwenye magari mwaka 1990, na haina turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Magari ya zamani ya aina ya HZJ75 yalikuwa na springi za bapa pande zote nne, ilhali HZJ78 na HZJ79 zilizoanza mwaka 1999 zina springi za koili mbele na za bapa nyuma. Mwenye Prado, Hilux au Canter anaweza kufuata hatua hizi hizi, na pale ambapo gari lake linatofautiana nitaeleza.

Maduka ya spea yamejaa vifaa vya kuongezea: rejeta nene za alumini, springi za kupandisha gari, shokapu za rangi ya kuvutia kutoka Australia, Ujerumani, Uholanzi na Japani. Vingi kati ya hivyo ni vizuri. Tatizo ni kwamba vinanunuliwa kabla gari halijapimwa, na matokeo yake ni gari lenye rejeta mpya ambalo bado linachemsha kwenye mlima, au gari lenye springi ngumu linalowarusha abiria kwa sababu springi hizo zilitengenezwa kwa mzigo ambao halibebi. Ndiyo maana hatua ya kwanza haina ununuzi wowote.

Hatua ya kwanza: lipime gari lilivyo

Lijaze gari kama linavyokuwa siku ya kazi, yaani matangi yakiwa yamejaa, spea taya zote mbili zikiwa mahali pake, friji, maji, vifaa na watu wakiwa ndani, kisha lipeleke kwenye mizani. Mizani ya kiwanda, ya machimbo ya kokoto au ya ghala la mazao inafaa, mradi mwenye mizani akubali kupima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Namba mbili hizo ndizo utakazompa muuza springi. Wenye magari hushangaa wanapoziona, kwa kuwa uzito wa gari la utalii huongezeka kidogo kidogo: matangi mawili ya HZJ78 yenye lita 180 kwa pamoja hubeba dizeli ya takriban kilo 150, bampa la chuma la mbele na winchi huongeza kilo mia moja au zaidi juu ya ekseli ya mbele, na paa la kufunguka pamoja na urefu ulioongezwa kwenye chesisi huongeza uzito ambao hauondoki hata gari likiwa tupu.

Linganisha namba hizo na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Springi mpya hazibadilishi uzito huo. Ekseli, beringi za magurudumu, breki na chesisi zimebaki zile zile, na mbele ya sheria gari halijapata ruhusa ya kubeba zaidi kwa sababu tu haliinamishi mkia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na Land Cruiser iliyorefushwa na kujazwa vizuri haiko mbali na kiwango hicho. Ikiwa mizani inaonyesha umepita kibao, punguza mzigo kabla ya kununua chochote.

Ukiwa hapo, chukua futi ya chuma upime kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa limejaa na tena likiwa tupu. Kwa vipimo hivyo unaweza kupata ugumu wa springi ulizonazo. Kwa mfano, ikiwa kilo 600 zilizowekwa juu ya ekseli ya nyuma zimelishusha gari milimita 80, kila upande umebeba kilo 300, kwa hiyo springi yako inataka kilo 3.75 kwa kila milimita moja. Ukitaka mzigo ule ule ulishushe gari milimita 60 tu, tafuta springi ya kilo 5 kwa milimita. Muuzaji makini ana jedwali lenye takwimu hizo. Yule anayekuuliza tu kama unataka "heavy" au "medium" anabahatisha kwa fedha yako.

Kwa upande wa joto, chagua kilima kimoja unachokifahamu na upande ukiwa na mzigo wa kawaida, saa ya joto, kwa gia na mwendo uleule kila unapopima. Kwa watu wa kusini hiyo ni Kitonga, kwa wanaokwenda Kanda ya Ziwa kwa njia ya kati ni Sekenke, kwa wa Kenya ni kupanda kutoka Mai Mahiu, na kwa wa Arusha ni ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu au kupanda kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro, ambako gari hupanda mita zipatazo 600 kwa gia ndogo na upepo kidogo sana wa mbele. Andika joto la injini ukiwa chini, katikati na juu, na pia hali ya hewa ya siku hiyo.

Hatua ya pili: rudisha mfumo wa upozaji katika hali yake ya kiwandani

Rejeta aliyoichagua Toyota inatosha kwa injini ya 1HZ ambayo haijaongezewa turbo, ikiwa kila kilicho pembeni yake kinafanya kazi. Kwa hiyo kagua kimoja baada ya kingine, injini ikiwa imepoa kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto hata kwa kitambaa, kwani maji yaliyozuiwa kwa presha hugeuka mvuke mara tu presha inapoondoka, na mvuke huo huunguza uso na mikono ya fundi kabla hajapata nafasi ya kukwepa.

Anza na mfuniko wenyewe, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote. Mfuniko wa kawaida wa magari haya umeandikwa 0.9 au 88 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha). Maana yake ni kwamba unaruhusu presha ndani ya rejeta ipande hadi kiasi hicho juu ya presha ya hewa ya nje kabla haujafunguka. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 92 hivi. Chini ya mfuniko mzima wa kilopaskali 88, maji hayo hayo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 114. Tofauti ya nyuzi ishirini na zaidi inashikiliwa na springi ndogo na mpira mmoja. Mpira ukipasuka, au mfuniko ukiwa wa kuokoteza, gari litachemsha Karatu na lisichemshe Tanga, na fundi atalaumu rejeta. Wala usiende upande wa pili kwa kufunga mfuniko wa presha kubwa kuliko uliotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa rejeta ya zamani na mipira ya hita havikutengenezwa kuhimili presha hiyo.

Inayofuata ni thamostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini inapopata moto. Katika gereji nyingi dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kung'oa thamostati na kuitupa, na hili nalipinga bila kuzunguka. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi mno kwenye tambarare, hula dizeli zaidi na kuchakaza silinda, na bado haipozwi vizuri mlimani. Thamostati nyingi zina diski ya pili upande wa nyuma, ambayo kazi yake ni kuziba njia fupi ya maji injini inapopata moto ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupoa. Nunua thamostati orijino, hakikisha pini ndogo ya kutolea hewa inakaa upande wa juu, na uijaribu kabla ya kuifunga kwa kuining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, sufuria ambayo haitapikiwa tena chakula. Thamostati za injini nyingi za dizeli za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Anayefanya jaribio hili Arusha au Karatu akumbuke kwamba maji ya sufuria yake yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo thamostati ya nyuzi 82 inaweza isionekane imefunguka mpaka mwisho, na hilo peke yake si ubovu.

Feni ya 1HZ huzungushwa na belti kupitia kitovu chenye mafuta mazito ya silikoni, ambacho hushika feni injini inapopata moto na kuiachia inapopoa. Injini ikiwa imezimwa na bado ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa urahisi mara kadhaa bila kukuzuia, mafuta ya kitovu yamekwisha au yamevuja. Kitovu kipya kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, kama Aisin anayewatengenezea Toyota wenyewe, ni uboreshaji mkubwa kuliko rejeta nyingi za gharama. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka feni. Magari mengi yaliyofanyiwa kazi ya injini hurudi barabarani bila kava hilo, kwa kuwa fundi aliona linamsumbua kulirudisha, na bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni iliyokwisha kupata moto badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Sishauri kuibadilisha feni hii kwa feni ya umeme kwenye gari la kazi, kwa sababu waya na swichi vilivyofungwa barabara ya vumbi huharibika bila kutoa taarifa.

Kisha angalia uso wa rejeta kwa tochi. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta pana nafasi ndogo ambayo mtu hawezi kuiona bila kulegeza boliti za juu, na humo ndimo hukusanyika mbegu za nyasi baada ya masika, pamoja na udongo mweusi wa tambarare uliokauka kama plasta. Nimekuta magari ambayo nusu ya chini ya rejeta ilikuwa imezibwa kwa mkeka wa mbegu wenye unene wa kidole, huku mbele kukiwa safi kabisa. Osha kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu sana hulaza mapezi ya rejeta na kuiziba vibaya zaidi. Kabla ya msimu wa nyasi ndefu funga neti laini mbele ya rejeta, ya kutoka na kusafishwa kila jioni.

Mwisho wa hatua hii hakikisha injini yenyewe haijapasua gasketi inayoziba kati ya bloku ya injini na silinda hedi, yaani kichwa chake. Dalili ni mapovu yanayoendelea kutoka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, au mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika chache baada ya kuwasha injini ya baridi. Kuna kipimo cha maji ya bluu yanayogeuka kijani au manjano yanapokutana na moshi wa injini, nacho hutoa jibu la uhakika. Ikiwa gasketi imekwenda au silinda hedi imepata ufa, hakuna rejeta duniani itakayokusaidia.

Hatua ya tatu: kama bado linachemsha, chagua rejeta

Baada ya yote hayo rudi kwenye kilima chako. Magari mengi yataishia hapa. Yatakayobaki ni yale yenye sababu ya kweli ya kuongeza upozaji: gari lililoongezewa turbo, gari linalovuta trela, au lile lenye bampa, winchi na taa kubwa zinazoziba upepo. Kuhusu turbo nitasema neno moja tu. Injini ya 1HZ huchoma dizeli kwanza katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na ukiongeza hewa na dizeli bila kupima joto la moshi unaweza kupasua hedi hiyo ilhali maji ya rejeta bado yanaonyesha joto la kawaida.

Rejeta za kuongezea ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa mpira, nyepesi na ya bei nafuu, ambayo ikipasuka tangi porini haizibiki kwa urahisi. Ya pili ni ya alumini tupu iliyochomelewa, ambayo hupoza vizuri na ni imara, lakini fundi wa kuchomelea alumini nyembamba hapatikani kila mji. Ya tatu ni ya shaba na matangi ya shaba nyeupe, nzito na ya bei, ambayo fundi rejeta yeyote kutoka Kigoma hadi Mtwara anaweza kuiziba kwa risasi akiwa na jiko la mkaa. Kwa gari linalofanya kazi mbali na miji mikubwa mimi huchagua ya shaba, tena mara nyingi ni bora kumpa fundi anayeaminika rejeta yako ya zamani aiwekee kiini kipya chenye safu moja zaidi ya mirija, kuliko kununua mpya isiyojulikana ilikotoka. Usidanganyike na unene peke yake. Kiini kinene mno huzuia hewa, na kwenye mwendo mdogo wa mlimani, ambako upepo ni wa feni tu, kinaweza kupoza kidogo kuliko chembamba chenye mapezi yaliyopangwa vizuri.

Wakati wa kuifunga, hakikisha rejeta inakaa juu ya mipira yake na haibanwi chuma kwa chuma, kwani chesisi ya gari hili hupinda kwenye makorongo na rejeta iliyobanwa itapasuka pembeni. Acha nafasi ya kutosha kati ya feni na kava lake ili visigusane injini inapotikisika. Badilisha mipira yote ya maji na vibano vyake kwa wakati mmoja.

Jaza kulanti ya aina inayokubaliwa na mtengenezaji, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, na usichanganye rangi wala aina. Huku kwetu hatuogopi barafu. Kulanti kazi yake ni kuzuia kutu, kulinda pampu ya maji na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi na magadi, ambayo ni ya kawaida katika sehemu za Arusha na Manyara, huacha magamba ndani ya mirija mpaka rejeta mpya inakuwa sawa na ile uliyoitoa. Pandisha mbele ya gari kwenye mwinuko, fungua hita hadi mwisho, acha mfuniko wazi injini iungurume mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe, kisha ongeza na ufunge. Kulanti uliyoitoa ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, kwa kuwa ni sumu yenye ladha tamu inayowavuta watoto na mbwa.

Gari la gia otomatiki, kama Prado nyingi, lina jambo la ziada: mafuta ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta ile ile. Kipozaji kidogo cha pembeni, kinachofungwa baada ya kile cha rejeta katika njia ya kurudi kwenye gia boksi, ni fedha iliyotumika vizuri kwa anayevuta trela au kupanda milima kila siku, kwa sababu mafuta hayo huzeeka haraka yanapozidi nyuzi 120.

Funga pia geji inayosoma namba halisi ya joto, na kengele inayolia maji yanapopungua. Geji za kiwandani katika magari mengi zimetengenezwa zitulie katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, na mshale unapoanza kusogea dereva tayari amechelewa. Vilevile, mpira ukipasuka na maji yakaisha, kitambuzi kilichobaki hewani kinaweza kuonyesha joto dogo wakati injini inaungua.

Hatua ya nne: chagua springi kwa uzito, shokapu kwa barabara

Springi hubeba uzito na shokapu huzuia springi isicheze. Mtu anayenunua shokapu ngumu ili gari lisiiname nyuma amekosea kifaa. Chukua namba zako za mizani na uchague springi za mbele na za nyuma kila moja kwa mzigo wake, na ikiwa gari hubeba mzigo siku mbili kwa wiki na siku nyingine liko tupu, chagua springi za wastani na uongeze mifuko ya hewa ya kusaidia nyuma, kuliko kufunga springi za mzigo wa kudumu. Tahadhari ya mifuko hiyo ni kwamba husukuma chesisi mahali pamoja ambapo hapakuandaliwa kubeba, na kwenye rafu rodi chesisi iliyojazwa kupita kiasi hupinda au kupasuka hapo hapo.

Kupandisha gari milimita 40 hadi 50 kunatosha kwa kazi zote za kwetu. Zaidi ya hapo unanunua matatizo. Kwa wenye Canter na magari mengine ya mizigo, desturi ya kumwambia fundi springi aongeze bapa mbili za mtumba ina kasoro yake: bapa zenye mkunjo tofauti hazigawani mzigo, bali ile ngumu hubeba peke yake mpaka ikatike. Afadhali seti nzima iliyotengenezwa pamoja, au kuzikunja upya zote na kuzipasha moto kwa tanuri linalojulikana.

Kwenye shokapu, adui wa Serengeti, Ruaha na Turkana si mashimo makubwa. Ni yale mawimbi madogo ya barabara ya changarawe yanayofuatana kwa kilomita mia moja. Kila mtikisiko hugeuzwa kuwa joto ndani ya mafuta ya shokapu, mafuta yakipata moto hutoa povu, na povu halizuii kitu. Shokapu za mrija mmoja zenye nitrojeni ya presha kubwa, kama za Bilstein, hupoa haraka kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta wa nje, lakini ukuta huo ukibonyezwa na jiwe pistoni hukwama. Za mirija miwili zenye gesi ya presha ndogo, kama za Old Man Emu, huvumilia mawe zaidi na kupoa polepole. Zile nene zenye sponji maalumu badala ya gesi hubeba mafuta mengi na hazipati moto upesi. Kwa gari zito linalokwenda taratibu kwenye mawe, mirija miwili inafaa. Kwa linalokimbia Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, kila siku, mrija mmoja au ile ya mafuta mengi ni bora. Kwa vyovyote, kupunguza upepo wa matairi kidogo kwenye changarawe, na mwendo pamoja nao, huokoa shokapu kuliko chapa yoyote.

Hatua ya tano: kufunga, na mambo yanayobadilika gari linapopanda

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu na uweke stendi chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia tu, haikai chini ya gari mtu akiwa humo. Fanya ekseli moja kwa wakati mmoja, na utumie kibana springi cha kufaa unapotoa koili za magari yenye shokapu ndani ya koili, kama Hilux na Prado, kwa sababu koili iliyobanwa ikichomoka inaua.

Boliti zote zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kwa mkono tu wakati gari liko juu, kisha zikazwe hadi mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na uzito wake. Fundi mwenye haraka huzikaza juu ya stendi, bushi zinabaki zimejipinda muda wote, na baada ya miezi michache zimechanika na springi zinalalamikiwa kuwa mbovu. Boliti za umbo la U zinazoshika springi za nyuma zisirudishwe za zamani, kwa kuwa zimekwisha kunyooka. Nunua mpya na uzikaze kwa mpangilio wa msalaba kwa spana ya torki.

Gari likishakuwa juu, mambo manne hubadilika, na gereji nyingi hukumbuka moja tu, alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Kwenye HZJ78 na HZJ79, kupandisha mbele hubadilisha kidogo pembe ya ekseli, usukani ukapoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati na gari likaanza kutangatanga kwenye lami. Bushi za kurekebisha pembe hiyo zifungwe pamoja na springi. Fito inayoishika ekseli isiende pembeni huisogeza ekseli upande mmoja gari linapopanda, na inapozidi inahitaji fito ya kurekebishika. Mipira ya breki inapaswa kupimwa urefu magurudumu yakining'inia hadi mwisho, huku usukani ukizungushwa pande zote. La nne ndilo la hatari zaidi: magari mengi ya aina hii yana vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa fito ndogo iliyounganishwa na ekseli. Ukipandisha nyuma bila kuisogeza fito hiyo kwa kiasi kile kile, vali hudhani gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma, nawe utagundua ukiteremka na abiria saba.

Shokapu nazo zipimwe urefu. Bila springi, pandisha ekseli mpaka iguse kizuizi cha mpira, na uhakikishe shokapu bado ina nafasi ya kufungika. Shokapu inayofika mwisho kabla ya kizuizi hupasuka au hung'oa kishikio chake.

Hatua ya sita: kulijaribu

Endesha kilomita 500, kisha kaza upya boliti za U, za fito na za vishikio, angalia usawa wa kulanti injini ikiwa baridi, na ukaze belti mpya ambayo itakuwa imelegea kidogo. Pima tena vimo vinne kutoka kitovuni hadi kwenye madigadi, kwani springi mpya hushuka milimita chache katika siku za mwanzo na alaimenti ya kudumu ifanywe baada ya hapo. Panda kilima chako kwa gia na mzigo uleule, uandike joto.

Baada ya nusu saa ya rafu rodi simama na upime kwa kipimajoto cha miale mwili wa kila shokapu, au sogeza kiganja karibu nayo bila kuishika, kwa kuwa inaweza kukuunguza. Zote nne zinapaswa kuwa za moto, za nyuma zaidi kidogo ikiwa mzigo uko nyuma. Ile utakayoikuta ya baridi haifanyi kazi, hata kama ni mpya na haivuji, na irudishwe dukani pamoja na mwenzake wa ekseli ile ile, kwa sababu shokapu hubadilishwa kwa jozi.